Kabla ya Jukwaa: Yaliyopita Ndani ya Ngome Kongwe

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa jioni moja ndani ya Ngome Kongwe, Forodhani, mjini Unguja, mbele ya wanafunzi wa skuli, wazazi wao na watembezaji wa wageni. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Wazee wangu mlioitika wito, walimu wenzangu, wanangu wa skuli, na nyinyi watembezaji wa wageni mlioacha kazi saa ambayo wageni ni wengi, nawashukuru sana.

Kabla sijafika mbali, naomba kila mtu aguse jiwe alilokalia. Mmeligusa? Jiwe hilo ni jipya. Madaraja haya mliyokalia yamejengwa katika miaka ya 1990, ngome ilipokarabatiwa ikawekewa jukwaa. Wengine humu ndani tumeyazidi umri. Ukongwe uko kule kwenye kuta, kwenye matumbawe na chokaa, na leo nataka tuzitazame zile kuta na kuyaacha kidogo haya madaraja.

Wiki mbili hizi nimekuwa nikija kukaa karibu na lango, nasikiliza. Sikuja kumpeleleza mtu, msinione vibaya. Nilitaka kujua ngome yetu inaelezwaje. Nimesikia Kiingereza, Kitaliano, Kifaransa, na maelezo karibu yote ni mamoja: hii ni Ngome Kongwe, ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, sasa ni ukumbi wa maonyesho, na huku kuna maduka ya picha na vinyago. Dakika mbili, mgeni ameshafika dukani. Hakuna uongo katika maelezo hayo. Ila kati ya Mreno na duka la vinyago imepita zaidi ya miaka 300, na katika miaka hiyo watu wameishi humu, wamelia humu, wamefanya kazi humu, wamecheza humu. Hao ndio ninaowadai kwenu jioni ya leo.

Nianze na jina, kwa sababu jina limehifadhi mengi kuliko sisi.

Watu wa zamani wa mji huu waliiita ngome hii Gereza. Richard Burton, yule msafiri wa Kiingereza aliyefika Unguja Desemba 1856, alilisikia jina hilo akaliandika kwa sikio lake la kigeni: gurayza. Na Kilwa Kisiwani, mkienda leo, ngome iliyoko ufukweni wenyeji wanaiita Gereza hivi hivi. Sasa nawauliza wanangu: neno gereza limetoka wapi?

Limetoka kwa Wareno. Kwao, igreja ni kanisa.

Naona mnatazamana. Ndiyo, kanisa. Mreno alituachia meza, bendera, leso, padri, mvinyo, na akatuachia neno hili. Lilifika pia India, na kwa Kihindi hadi leo girja ni kanisa, maana haikubadilika. Huku kwetu ilibadilika, na ukitaka kujua ilibadilikaje, tazama pale kwenye ukuta wa ndani wa uwanja huu, penye masalia ya ujenzi yasiyofanana na mengine. Pale palikuwa na kanisa dogo la Wareno, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Wareno walikuwa wameanza kuitoza Unguja kodi tangu 1503, na hapa pwani ndipo walipoweka nyumba za biashara na mahali pao pa kusalia. Wenyeji wakapaita mahali hapo kwa jina walilolisikia kwa wenyewe. Kisha Ngome ya Yesu kule Mombasa ikaanguka mikononi mwa Waomani, Desemba 1698, Wareno wakaondoka pwani hii ya kaskazini, na Waomani wakajenga ngome hapa, wakiyameza mabaki ya kanisa ndani ya kuta zao. Kanisa likafa, jina likabaki kwenye kuta. Halafu ndani ya kuta hizo wakaanza kufungwa watu, na jina likawahamia wafungwa.

Kwa hiyo kila Mswahili anayesema gereza, awe Lubumbashi au Lamu, anataja kanisa bila kujua. Na jambo hili hunigusa kila nikilifikiria: hapa kwetu Zanzibar, serikalini, neno lenyewe tumeshaliacha. Bara wana Jeshi la Magereza. Sisi tuna Chuo cha Mafunzo. Basi ngome imepoteza jina la Gereza, na gereza nalo limepoteza jina hilo. Mtoto wa Malindi au wa Shangani leo hana pa kulikuta neno hili katika mji ambao neno lenyewe lilisimama kwa mawe.

Kuhusu vita sitakaa sana, maana hayo ndiyo mnayoyasema kila siku. Nitataja moja tu. Katikati ya karne ya 18 walikuja watu wa ukoo wa Mazrui kutoka Mombasa wakaizingira ngome hii wakitaka kuitwaa Unguja. Kiongozi wao, Ali bin Athman, aliuawa hapa hapa, na aliyemuua hakuwa adui aliyekuwa juu ya ukuta, alikuwa jamaa yake mwenyewe. Mazrui wakarudi kwao. Baada ya hapo kuta hizi hazikupata kazi kubwa ya kuzuia adui. Hata ile tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipoupiga mji kwa muda usiotimia saa moja na kulivunja jumba la Beit al-Hukm hapo jirani, ngome ilisimama pembeni ikitazama.

Karne ya 19 ngome ilikuwa kambi na jela. Askari wake wengi walikuwa Mabulushi, watu walioletwa kutoka ng'ambo ya bahari kumtumikia Sultani. Nje palikuwa na soko, kabla soko la Darajani halijafunguliwa mwaka 1904. Na nje ya ukuta wa mashariki ndipo waliohukumiwa kufa walipouawa, mbele ya watu, mchana. Watu wananunua, wanauza, na hatua chache tu mtu anakatwa kichwa.

Lakini nataka niwaeleze habari za mtu mmoja, na hapa naomba utulivu.

Mwaka 1845 kijana wa Kifaransa, afisa wa jeshi la majini, jina lake Maizan, alivuka kwenda bara akitaka kufika kwenye maziwa makuu. Hakufika mbali. Aliuawa Dege la Mhora, katika nchi ya Wazaramo, kwa amri ya mkuu wa pale aliyeitwa Mazungera, na aliuawa kwa ukatili, huku ngoma ya vita ikipigwa. Ufaransa ikaja juu. Sayyid Said, Sultani wa wakati ule, kwa kuwa alijinadi kuwa mtawala wa mrima, yaani pwani ya bara, akatakiwa atoe mtu. Akapeleka askari bara wamkamate Mazungera. Mazungera hakupatikana. Aliyepatikana ni mtu wa ukoo wake, yule aliyepiga ngoma.

Wakamleta Unguja. Karibu miaka miwili alifungwa minyororo mbele ya nyumba ya balozi wa Ufaransa, ili Wafaransa waone kwamba Sultani amefanya jambo. Kisha akaingizwa humu. Burton ameeleza alivyowekwa: amefungwa kwa chuma kizito kwenye mzinga, chini ya kibanda cha makuti, mahali pasipomwezesha kusimama sawasawa wala kulala akajinyoosha. Hakufungwa mwezi. Alifungwa miaka. Akafa akiwa mfungwa, na Burton alipoandika kifo hicho aliandika kama kwamba mji umepoteza kimoja katika vitu vya kuwaonyesha wageni.

Mmesikia, watembezaji? Vitu vya kuwaonyesha wageni. Maana yake ni kwamba miaka zaidi ya 160 iliyopita watu walikuwa wakiingia kwa lango lile lile mnaloingilia nyinyi, wanaletwa kumtazama mtu aliyefungwa kwenye mzinga, kisha wanarudi kwao wakasimulie. Kazi yenu ina historia ndefu humu ndani.

Jina la Mfaransa aliyeuawa limeandikwa. Jina la mkuu aliyekimbia limeandikwa. Jina la aliyefungwa Burton hakuliandika, ameacha kazi yake tu: mpiga ngoma. Nimefundisha historia miaka mingi, na kila nilipofika hapo nilikuwa nikisimama kidogo. Mzaramo mmoja, pengine kijana, amepiga ngoma kwa sababu mkuu wake amesema piga. Sisemi hakuwa na hatia yoyote. Maizan naye alikuwa mtoto wa mtu, na alivyofanyiwa hapakuwa na haki. Lakini mwenye amri alikuwa msituni akila na kunywa, na mwenye ngoma alikuwa hapa, amefungwa kwenye chuma, analipia deni la wakubwa wawili waliokuwa wakiandikiana barua.

Na leo jukwaa hili limekuwa nini? Tangu 1998 tuna tamasha la filamu, tangu 2004 tuna tamasha la muziki la Sauti za Busara. Kila Februari ngoma zinalia humu mpaka usiku wa manane. Wamepita hapa wapiga ngoma wa Unguja, wa Pemba, wa bara, wa Senegali, wa Kongo. Sijawahi hata siku moja kumsikia msema chochote akimtaja yule wa kwanza.

Nisiwaache na huzuni jioni nzima. Karne ya 20 ilipoingia, ngome ikapata kazi ambayo wanangu hamtaiamini: gari la moshi.

Ndiyo, Unguja ilikuwa na treni, na kisiwa kizima ni chetu sisi na mikarafuu. Sultani Barghash alikuwa ameshaonja mambo hayo kwa kijireli chake cha kwenda Chukwani, lakini hicho kilikuwa cha mfalme. Reli ya watu ilikuwa ya Bububu. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, iliijenga, na kuanzia 1905 treni ilikuwa ikitoka hapa mjini mpaka Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi, ikibeba abiria na mizigo. Ngome hii ikawa bohari yake. Mahali palipokuwa na mizinga na minyororo pakawekwa vyuma vya reli na vipuri. Treni ilipita katika njia za mji ambazo leo gari dogo tu linapita kwa tabu, karibu kabisa na milango ya watu. Mwenye nyumba akitaka kutoka, lazima kwanza asikilize. Abiria waliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha ikabaki kubeba mawe, kisha reli zikang'olewa. Magari ya barabarani yalikuwa yameishinda.

Hapa nina neno na watembezaji. Mnawaambia wageni kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa treni, bu-bu-bu. Ni hadithi tamu, na mgeni anacheka. Lakini Binti Salme, mtoto wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni, aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla treni hiyo haijapiga mlio wowote. Treni ilikwenda Bububu ikaikuta ina jina lake. Mkitaka kumchekesha mgeni, mpelekeni nje ya lango mkamwonyeshe pwani hii, mwambieni hapa Forodhani ungeweza kupanda treni. Hilo ni kweli, na nahakikisha atashangaa zaidi.

Sasa nafika ninapopapenda kuliko pote.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ngome ikatengenezwa tena, na safari hii ikafanywa klabu ya wanawake. Katika uwanja huu mliokaa wakaweka kiwanja cha tenisi. Fikirini kidogo. Wakati ule mwanamke wa mji wa heshima zake hatoki ovyo, akitoka ana buibui, na kucheza mpira mbele ya macho ya wanaume ni jambo lisilofikiriwa. Ilikuwa ni shida kupata mahali ambapo mwanamke anaweza kukimbia tu, akatoka jasho, asionekane. Na katikati ya mji palikuwa na mahali penye kuta ndefu pande zote, pana lango moja la kulinda, na pamekaa bure. Aliyelifikiria jambo hilo alikuwa na akili.

Marehemu mama yangu mdogo alicheza hapa. Alikuwa msichana, na alikuwa akija na wenzake alasiri, raba nyeupe amezificha chini ya buibui. Wakishaingia lango likafungwa, buibui zinavuliwa zinatundikwa. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza alikuwa akishinda au akishindwa. Hakukumbuka. Alichokumbuka ni kelele. Alisema walikuwa wakipiga kelele hapa mpaka sauti zinakauka, kelele za mchezo tu, mpira ukitoka nje ya mstari, na hakuna wa kuwaambia nyamazeni. Kisha magharibi ikikaribia wanavaa, wanatoka mmoja mmoja, wanapita Forodhani kimya kama watu waliotoka hitimani.

Sitaki kuipamba klabu ile kupita kiasi. Haikuwa ya kila mwanamke. Aliyekuwa akikuna nazi katika jikoni za watu, aliyekuwa akichuma karafuu shamba, yeye hakupata alasiri ya tenisi. Wengi walioingia walikuwa wa jamaa zenye uwezo, na mama mdogo mwenyewe alilijua hilo na alilisema. Lakini hilo si sababu ya kuifuta. Mnaitaja mizinga ambayo haikumpiga mtu kwa miaka 200, mnaacha wanawake ambao wengine wao pengine bado wako hai, wamekaa barazani hatua chache kutoka hapa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 klabu ikaisha. Ngome ikakaa, majani yakaota, mbuzi na watoto wakawa ndio wenyewe. Nami nilikuwa mmoja wa watoto hao. Tulikuwa tukiingia kucheza, tukiambiwa tusipande ukutani, tukipanda. Hakuna aliyetuambia tuko wapi.

Kwa hiyo nina maombi mawili, nami nayatoa kwa moyo wote.

La kwanza ni kwa wanangu wa skuli. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, yuko bibi aliyezaliwa miaka ya 1930. Mwendeeni, na msimwulize habari za ngome, atawaambia hajui. Mwulizeni kama aliwahi kucheza tenisi, au dada yake, au shoga yake. Kama kuna picha ndani ya sanduku, msiichukue. Ipigeni picha kwa simu, mwandike nyuma ya daftari majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa namna bibi atakavyowataja. Fanyeni mwaka huu. Mmeona jirani yetu hapo, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883: tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ulianguka na roho za watu zikapotea. Jumba lile lina ramani na vipimo, mafundi wanaweza kulisimamisha tena. Bibi hana ramani.

La pili ni kwenu watembezaji. Siwaombi dakika kumi, najua mgeni ana njaa na jua ni kali. Naomba dakika moja ya ziada, kabla ya duka. Mkiwa mmesimama pale uwanjani, mtajeni mpiga ngoma. Mkipata nafasi, semeni na tenisi. Kwa lugha yoyote mnayoijua. Na kama mgeni ni Mswahili, mwambieni na neno gereza limetoka wapi, maana yeye ndiye anayelibeba kila siku.

Jua limeshashuka, na upande ule wa kanisa mwanga wake bado upo kidogo. Tuanzie huko. Mwenye tochi atangulie, wazee washikwe mkono, pale chini pana mawe. Halafu tutazunguka nje mpaka ukuta wa mashariki, tufike kabla ya adhana ya magharibi.